Ua Jekundu Kwenye Gauni la Harusi

Mama mmoja msomaji ameniandikia barua. Anasema, "Bibi, wewe ni mwongo. Hakuna mpigapasi aliyewahi kuposwa na mwenye jumba." Mama, kuwa mwongo nakubali, na uongo wangu ndio ninaoungama hapa kila wiki. Lakini kuposwa, niliposwa.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, mambo yalikuwa hivi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nikipiga pasi katika jumba la Bwana wa ukoo mkubwa. Ardhi yake ilianza kilimani ikaishia mtoni, na kila aliyeishi katikati alimwinamia. Mkewe aliugua miezi saba akafa. Marehemu huyo alikuwa na alama yake, ua dogo jekundu la petali tatu, aliyoidarizi kwa mkono wake kwenye kila kitambaa alichokipenda.

Mwaka wa pili baada ya msiba, ukoo ukamposea Bwana binti wa ukoo mwingine mkubwa. Mimi nilikuwa nampenda tayari. Yalikuwa mapenzi ya kijinga, ya mtu anayejua kipimo cha shingo ya mwanamume kwa sababu ya kunyoosha kola zake, na hajawahi kuambiwa naye hata neno. Vitu vya bibi harusi vilipoletwa nivipige pasi, nilichukua uzi mwekundu, nikashona ua la Marehemu kwenye foronya kumi na mbili.

Nyumba ilitikisika. Watu wa yule binti walipakia masanduku yao wakasema hawamwozeshi mtoto wao kwa mwanamume ambaye mkewe hatulii kaburini. Hakuna aliyejua kuwa ni mimi.

Kisha Bwana akaanza kuja kukaa kwenye benchi la chumba cha pasi, eti kuna joto. Tukazungumza, tukazoeana, na mwaka ulipogeuka akaniposa. Bibi Mkubwa, mama yake, alikataa mara tatu. Mara ya nne alinyamaza, na kimya chake tukakihesabu kuwa ndiyo.

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimebakiza siku nne niolewe. Nilikuwa napiga pasi gauni langu mwenyewe la harusi, pasi ikapanda kijivimbe kwenye pindo. Nikageuza kitambaa.

Lilikuwa ua jekundu la petali tatu, na sikuwa nimelishona mimi.

Mtu mwingine angepiga kelele nyumba nzima ikusanyike. Mimi sikuthubutu. Katika nyumba ile mzimu nilikuwa mimi, na mzimu hauwezi kupiga kelele kwamba umetishwa.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba kuna mtu anajua. Amenijua, na ananirudishia kilekile nilichomfanyia yule binti wa watu. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, kwa hiyo sikumtafuta wa kunipa pole. Nilichukua mkasi, nikalifumua lile ua kidogokidogo, nikatupa nyuzi ndani ya pasi, juu ya mkaa.

Moshi ulitoka na harufu ya nywele zinazoungua.

Uzi wa pamba hautoi harufu ile, hariri ndiyo inayonuka hivyo. Foronya zangu nilizishona kwa pamba, maana mpigapasi hariri ataitoa wapi? Aliyekuwa akishona kwa hariri katika nyumba ile alikuwa mmoja tu, naye alikuwa ameshalala makaburini mwaka wa tatu.

Siku ya pili nililikuta kwenye shela, tena matatu kwa mpigo. Nikayafumua yote. Vitundu vya sindano vilibaki, nikavipigia maji na wanga, havikuzibika.

Siku ya tatu asubuhi Bwana alikuja mwenyewe chumba cha pasi, shati mkononi.

"Binti Pasi," aliniita. Ndilo jina alilonipa, na nililipenda kuliko nililopewa na wazazi.

"Bwana."

"Mpaka lini utaniita Bwana? Keshokutwa mimi ni mume wako."

"Nikizoea nitaacha, Bwana."

Siku zote jibu hilo lilimchekesha. Siku hiyo hakucheka. Alilitandaza shati kwenye meza yangu, akafungua upande wa kushoto. Ndani, pale ambapo moyo hugusa nguo, kulikuwa na ua.

"Amerudi," akasema.

"Ni mtu, Bwana. Kuna mtu anatuchezea."

"Umejuaje?"

"Nakisia tu."

"Na zile foronya? Nazo alikuwa mtu?"

Wasomaji wangu, mlango ulikuwa wazi na nilikuwa nimesimama kizingitini. Neno moja tu lingetosha. Lakini neno hilo lingenitoa kwenye nyumba ile na kwenye maisha yake, na harusi ilikuwa keshokutwa.

"Zile sijui, Bwana," nikasema.

Aliligusa lile ua kwa kidole gumba, polepole sana. "Anakipenda chumba hiki," akasema. "Anasema harufu ya wanga inamfanya ajione msafi."

Anapenda, anasema. Nilisikia vizuri alivyotamka, nikajifanya sikusikia.

Mchana wa siku hiyohiyo Bibi Mkubwa alituita kwenye chumba cha mashuka. Tulikuwa wanne tu: yeye, Bwana, mimi na Mama Mdogo.

Mama Mdogo alikuwa mshonaji wa jumba lile miaka thelathini. Ni mdogo wake marehemu mama yangu, na ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka minne. Kila kovu la sindano kwenye vidole vyangu lilitokana na mafunzo yake. Marehemu naye alifundishwa kudarizi na huyohuyo. Wakati huu macho yake yalikuwa yameanza kumsaliti, na mimi ndiye niliyekuwa nikimtungia sindano kila asubuhi kabla sijawasha mkaa.

Juu ya meza Bibi Mkubwa alikuwa amepanga foronya mbili kati ya zile kumi na mbili, gauni langu, shela yangu, na shati la mwanawe. Vile vitundu alikuwa ameviona. Mama mkwe hata bila miwani huona.

"Mfu hashoni," alianza. "Nimezika mume, nimezika ndugu, nimezika mkwe, sijaona hata mmoja akirudi kuomba sindano. Kikulacho ki nguoni mwako. Nani humu ndani anajua kushona ua hili?"

"Mimi, Bibi," Mama Mdogo akajibu. "Marehemu alijifunza kwangu."

"Mwingine nani?"

Mama Mdogo aliinua foronya moja akaigeuza. Mshonaji haangalii uso wa kitambaa. Alizoea kuniambia kwamba uso hupambwa kwa ajili ya wageni, ukitaka ukweli angalia mgongoni. Kwa kuwa macho hayamsaidii, alipitisha kidole.

Kidole kilisimama. Nikajua kimegusa nini, na kwa mara ya kwanza baada ya mwaka na zaidi nikaelewa kosa langu.

Nilikuwa nimefunga mafundo.

Sisi watu wa kufua na kupiga pasi tukiweka alama kwenye nguo tunafunga mafundo mawili nyuma, kwa sababu nguo itachemshwa, itapigwa, itakamuliwa, na alama lazima ibaki. Mabibi wanaodarizi hawafungi fundo. Wao huuzamisha mkia wa uzi chini ya mshono hadi usionekane. Nilikuwa nimeiga ua la bibi kwa uso, halafu mkono wangu, kwa mazoea tu, ukamalizia kama dobi. Mara kumi na mbili.

Mama Mdogo aliiweka foronya chini. Akachukua shati la Bwana, akapitisha kidole nyuma ya ua. Hapo alikaa muda mrefu zaidi. Kisha aliinua uso, akamtazama Bwana, akanitazama mimi.

"Ni mimi, Bibi," akasema. "Yote ni mimi."

"Wewe?" Bwana akauliza, kama mtu aliyeamshwa.

"Nilimpenda Marehemu. Sikutaka nafasi yake ichukuliwe."

"Hata na mtoto wa dada yako?" Bibi Mkubwa akauliza.

"Hata na huyo."

Bibi Mkubwa hakupandisha sauti. Watu wa namna yake hawahitaji. "Gari la kuni linaondoka alasiri. Likitoka, wewe uwe juu yake." Kisha akanigeukia. "Na wewe, una la kusema?"

Nimeishi miaka hamsini tangu siku hiyo. Nimezaa, nimezika, nimekosa usingizi kwa mengi. Lakini swali lile bado naulizwa, hata nikiwa peke yangu jikoni, na kila mara najisikia nikilijibu vilevile.

"Sina, Bibi."

Bwana alikuwa amelishika shati lake kifuani.

Miaka thelathini ya Mama Mdogo iliingia kwenye kapu moja na sanduku dogo, nafasi ikabaki. Nilimkuta akikunja kanga zake. Hakuwa analia. Mimi ndiye niliyekuwa nalia, na sikuwa na haki hiyo.

"Funga mlango kwanza," akasema.

"Mama, kwa nini umesema ni wewe?"

"Mafundo mawili. Nilikufundisha mwenyewe ukiwa na miaka tisa. Mwizi mzuri wewe, umeiba ua la bibi ukalifunga fundo la dobi."

"Ulijua lini?"

"Siku ileile foronya zilipoonekana. Nilipapasa moja, nikarudi chumbani nikakaa."

"Mbona hukusema?"

"Niseme kwa nani? Nina mtoto mmoja tu."

Nilipiga magoti nikamshika miguu. "Lakini gauni langu, Mama. Ungeniambia tu kwa mdomo kwamba hutaki niolewe. Kulikuwa na haja gani ya kunishonea ua?"

Aliacha kukunja. "Nani, mimi?"

"Nilijua unanikanya."

"Mwanangu, anayenitungia sindano kila asubuhi ni nani?"

"Ni mimi."

"Umenitungia hariri nyekundu lini?"

Nikafikiri. Sikuwa nimewahi.

"Basi," akasema. Alikaa kitandani, sauti ikashuka. "Lile la kwenye shati halina fundo. Mkia wa uzi umezamishwa chini ya petali ya pili ukapindishwa kushoto. Nilimfundisha mtu mmoja tu kufanya hivyo, na mtu huyo nguo zake za mwisho nilimvalisha mimi mwenyewe, kwa mikono hii."

Kule uani tulisikia farasi wakitolewa bandani. Sijawahi kuogopa mchana kweupe kama nilivyoogopa saa ile, jua likiingia dirishani na kuku wakiparua nje.

"Tuondoke wote," Mama Mdogo akasema. "Nguo ziko dunia nzima, na zote zinakunjamana. Hatutakosa kazi."

"Nitamwambia Bwana ukweli. Atakuzuia usiondoke."

"Ukitaka kusema, sema kwa Bibi Mkubwa. Yule ni mkali, lakini yuko hapa duniani pamoja nasi. Huko juu kwa Bwana usipande."

"Kwa nini?"

"Uliona alivyolishika lile shati?"

Niliona. Lakini nitaungama lote, maana nusu ya ungamo ni uongo mwingine. Sikwenda kwa Bibi Mkubwa kwa sababu angemrudisha Mama Mdogo na kunifukuza mimi. Nilikwenda kwa Bwana kwa sababu nilitaka vyote viwili, Mama abaki na ndoa ibaki. Nilijiambia ananipenda, atanisamehe faraghani, atazua sababu ya kumwambia mama yake, na keshokutwa nitavaa gauni langu. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Bwana hakuwa chumbani kwake. Mlango uliokuwa wazi ni ule wa mwisho ukumbini, chumba cha Marehemu, kilichofungwa tangu walipomtoa. Kilikuwa juu kabisa ya chumba changu cha pasi. Miaka yote hiyo nilikuwa nimenyoosha nguo chini ya kitanda chake.

Nikasukuma mlango.

Alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya kitanda, amenipa mgongo, uso kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye mapaja yake lilikuwa gauni langu la harusi. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukipanda na kushuka kwa mishono midogo, mizuri, ya mtu aliyezoea.

"Ingia," akasema bila kugeuka. "Nimekusikia ngazini. Unakanyaga kama umebeba kapu hata ukiwa mikono mitupu."

"Bwana, ni wewe."

"Vidole vyake vilipoisha nguvu, nilimshonea mimi. Yeye akilala hapa akinielekeza, mimi nikishona. Miezi minne. Nani angeambiwa kwamba mtu wa ukoo wetu anashika sindano? Ilikuwa siri yetu, tulikuwa tunaicheka."

"Kwa hiyo gauni, na shela, na shati, ni wewe uliyeshona."

"Sishoni mimi," akasema. "Ananishika mkono tu."

Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekwambia chai iko mezani.

"Alipokufa nilimwita," akaendelea. "Mwaka mzima nilimwita, kimya. Nikaanza kukubali kwamba hayupo. Nilikuwa nimeshakubali, Binti Pasi, niamini. Halafu zikatokea zile foronya. Hapo nikajua hajaniacha. Tangu siku hiyo nikaanza kumsikiliza, naye akaanza kuja."

Nilishika fremu ya mlango. Nilikuwa nimejidanganya kwamba nimemfukuza mchumba wa mtu, basi. Kumbe nilikuwa nimemchukua mwanamume aliyekaribia kupona nikamrudisha kaburini kwa mkewe, kwa uzi wa pamba. Kisha nikakubali aniolee humohumo.

"Bwana, foronya nilizishona mimi."

Sindano ikasimama.

"Mimi, kwa mkono wangu. Ukigeuza utaona mafundo mawili nyuma, mafundo ya dobi. Marehemu hakufunga fundo hata siku moja, wewe unajua. Nilikupenda, sikutaka umwoe yule. Hakuna aliyekuja, Bwana. Hakuna anayekuja. Ni mimi. Na Mama Mdogo anafukuzwa sasa hivi kwa kosa langu, gari liko uani. Nakuomba ushuke umwambie mama yako. Mimi nifukuze, nifunge, nifanye unalotaka."

Sikuwa nimebakiza kitu. Hata ndoa niliiachia pale mlangoni, na niliona kifua kimekuwa chepesi.

Akageuka. Nilingoja hasira. Ningeishukuru hasira, ningeipokea kwa mikono miwili. Badala yake alinitazama kwa upendo ambao sikuwahi kuuona machoni mwake hata siku aliyoniposa.

"Nilikuwa sina hakika kama ni wewe aliyekukusudia," akasema polepole. "Sasa ninayo. Alikushika mkono na wewe."

"Hapana, Bwana. Ulikuwa wivu wangu tu."

"Wangapi katika nyumba hii walikuwa na wivu? Nani alikuongoza ulishone bila kukosea petali hata moja? Alimwondoa yule ili akulete wewe. Ndiyo maana haachi kukuwekea alama yake."

Kule chini magurudumu yalianza kulia. Kupitia dirishani niliona gari la kuni likizunguka uwanja kuelekea langoni. Mama Mdogo alikuwa amekaa nyuma, kapu mapajani. Macho yake yasingeweza kuniona, lakini uso wake ulikuwa umeelekea dirisha hili hili.

"Mzuie, Bwana. Neno moja tu hapo dirishani litatosha."

"Yeye akitaka nimzuie, ataniambia."

Alivuta kiti cha pili, kile chenye mto uliochakaa katikati, akakiweka karibu yake. Alilitandaza pindo la gauni kwenye kiti kile kitupu, kama juu ya mapaja ya mtu, kisha akalisogeza kidogo kunipisha.

"Keti," akasema. "Zimeshatimia petali mbili. Anasema ya tatu ni yako."

Akaninyooshea sindano. Huko chini nilisikia mlinzi akivuta komeo la lango.

Ningeweza kukimbia. Ngazi zilikuwa kumi na nane, uwanja haukuwa mkubwa, na farasi wale walikuwa wazee. Nilikuwa bado napiga hesabu hiyo nilipotazama chini, nikaona mkono wangu umeshanyooka kuipokea.